Kadi ya Krismasi yaweza kutengenezwa nyumbani kwa kompyuta na wino kidogo

KADI nyingi za Krismasi zinazouzwa madukani humwonyesha mpokeaji theluji, misonobari na kulungu wanaovuta kigari, mambo ambayo mkazi wa Ndanai hajawahi kuyaona akifungua mlango wake asubuhi ya Desemba 25.

Katika kata hiyo ya eneobunge la Sotik, Kaunti ya Bomet, Krismasi huja na jua, watoto waliofunga shule, maziwa ya mursik yaliyohifadhiwa kwenye kibuyu, na jamaa wanaoshuka kwenye matatu wakitokea Nairobi, Nakuru au Mombasa. Kadi yenye picha hiyo si rahisi kuipata madukani.

Hata hivyo, kadi ya namna hiyo yaweza kutengenezwa nyumbani na yeyote aliye na kompyuta, hata ikiwa kuukuu, pamoja na printa ya kawaida na rula.

Wengi waliowahi kujaribu kazi hii waliifanya mara moja tu na kuiacha, kwa sababu wino uliisha kabla ya kadi ya kumi, au karatasi ilikwama ndani ya printa, au ujumbe ulitokea kichwa chini. Kosa aghalabu halikuwa la mashine. Walianza na picha, ilhali walipaswa kuanza na karatasi na wino.

Hilo si jambo dogo kwa familia ya Ndanai. Malipo ya pili ya majani chai, maarufu kama bonasi, huwa yamekwisha kulipwa miezi michache kabla ya Krismasi, na kufikia Desemba mzazi tayari anahesabu karo ya Januari. Kadi inayokusudiwa kupunguza gharama ikigeuka kuwa mzigo, faida yake haipo.

Kadi ya kwanza ilipakwa rangi kwa mkono

Kadi ya kwanza ya Krismasi kuuzwa hadharani ilitolewa mjini London mwaka wa 1843. Mwenye wazo hilo alikuwa Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa na marafiki wengi wa kuandikia barua na muda mchache wa kufanya hivyo. Alimwomba msanii John Callcott Horsley amchoree picha ambayo ingetumwa kwa wote.

Horsley alichora familia ikiwa mezani, na kando yake watu wakiwalisha na kuwavisha maskini. Picha hiyo ilichapishwa kwa mistari kwenye karatasi ngumu, kisha kila nakala ikapakwa rangi kwa mkono. Kadi moja iliuzwa kwa shilingi moja ya Uingereza, bei ambayo kibarua wa zama hizo hangeimudu kwa urahisi.

Kilichoiwezesha desturi hiyo kuenea ni posta. Mwaka wa 1840 Uingereza ilianzisha utaratibu wa kutuma barua nyepesi popote nchini humo kwa peni moja iliyolipwa na mtumaji. Kabla ya hapo, gharama ilitegemea umbali, na mara nyingi aliyepokea ndiye aliyelipa.

Nchini Marekani, mchapishaji Louis Prang wa Boston alianza kuwauzia Wamarekani kadi za Krismasi za rangi katika miaka ya 1870. Mnamo 1949, Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Watoto, UNICEF, lilitoa kadi yake ya kwanza kwa kutumia mchoro wa Jitka Samkova, msichana wa miaka saba kutoka Czechoslovakia, aliyeuchora kama shukrani kwa msaada uliofikia kijiji chao baada ya vita.

Historia hiyo ina mafunzo mawili kwa anayetengeneza kadi nyumbani. Kwanza, mchoro wa mtoto unatosha. Pili, si lazima rangi itoke kwenye mashine: mistari myeusi yaweza kuchapishwa na rangi ikapakwa baadaye kwa mkono, kama ilivyofanywa mwaka wa 1843.

Hapa nchini, kadi zilijaa kwenye masanduku ya posta kila Desemba hadi simu za mkononi zilipoenea baada ya mwaka wa 2000. Ujumbe mfupi wa simu ulichukua nafasi ya kadi, kisha mitandao ya kijamii ikauongezea picha. Salamu zimekuwa nyingi na rahisi, lakini pia husahaulika haraka. Ujumbe uliotumwa kwa watu mia kwa mpigo hufutwa pamoja na mingine. Kadi iliyo na jina la mtu mmoja hubaki juu ya kabati la sebuleni hadi mwaka unaofuata.

Orodha kwanza, karatasi baadaye

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza haihitaji kompyuta kuwashwa: ni kuandika majina ya watakaopokea kadi. Orodha hiyo ndiyo itakayoamua idadi ya karatasi, bahasha na stempu.

Karatasi ya kawaida ya ofisini ni ya kipimo cha A4, yaani milimita 210 kwa 297. Ikikatwa katikati hupatikana vipande viwili vya A5, na kila kipande kikikunjwa huwa kadi ya A6, yenye milimita 105 kwa 148. Kadi hiyo huingia vyema kwenye bahasha ya C6, ambayo ni milimita 114 kwa 162.

Ni busara kuhakikisha kwamba bahasha za kipimo hicho zinapatikana Sotik au mjini Bomet kabla ya kubuni chochote. Kadi nzuri isiyo na bahasha ya kuitosha itakunjwa vibaya au itabaki nyumbani.

Uzito wa karatasi huandikwa kwenye pakiti kwa gramu kwa kila mita mraba. Karatasi ya kuandikia barua huwa na gramu 80, nayo ni nyepesi mno kusimama kama kadi ikikunjwa mara moja. Kadi iliyo imara huhitaji karatasi ya gramu 160 hadi 250.

Si kila printa ya nyumbani inayoweza kuvuta karatasi nzito. Kijitabu kilichokuja na mashine hutaja kiwango cha juu inachokubali, na ni heri kukisoma kabla ya kununua. Printa zenye njia ya kuingizia karatasi kwa nyuma huivuta karatasi nzito kwa wepesi zaidi, kwa kuwa haipindwi sana ikiwa ndani.

Kwa mfano, familia inayotaka kadi 40 itahitaji karatasi 20 za A4, kwa kuwa kila moja hutoa kadi mbili. Ikiongeza karatasi mbili za makosa, jumla ni 22. Anayenunua pakiti nzima ya karatasi 100 kwa ajili ya kadi 40 atakuwa amelipia karatasi ambazo huenda zikaliwa na unyevu kabla ya Krismasi nyingine, isipokuwa agawane na jirani.

Kurasa hupangwaje?

Hapa ndipo wengi hukwama. Kadi iliyokunjwa ina kurasa nne, na kompyuta haijui ni upi utakaokuwa mbele. Kuna njia mbili za kupanga.

Njia ya kwanza ni ya karatasi nzito, inayochapishwa pande zote mbili. Karatasi ya A4 husimamishwa wima na kugawanywa katika robo nne: mbili juu, mbili chini. Upande wa nje, picha za mbele huwekwa kwenye robo mbili za kulia, na robo mbili za kushoto huwa migongo ya kadi. Upande wa ndani, ujumbe pia huwekwa kwenye robo za kulia, na za kushoto huachwa wazi.

Upande mmoja ukishachapishwa, karatasi hugeuzwa kwa ubavu wake mrefu, kama mtu anavyofunua ukurasa wa kitabu, kisha upande wa pili ukachapishwa. Baada ya hapo hukatwa katikati kwa mlalo, na kila kipande hukunjwa.

Njia ya pili huwafaa wenye karatasi nyepesi au printa isiyovumilia karatasi nzito. Karatasi moja ya A4 huchapishwa upande mmoja tu, kisha hukunjwa mara mbili na kuwa kadi moja ya A6 yenye tabaka mbili. Kwa kuwa imekunjwa mara mbili, hata karatasi ya gramu 100 au 120 husimama vizuri.

Katika njia hii, picha ya mbele huwekwa kwenye robo ya chini kulia. Ujumbe huwekwa kwenye robo ya juu kushoto, lakini ukiwa umegeuzwa kichwa chini. Nusu ya juu ya karatasi ikikunjwa kuelekea nyuma, kisha kadi ikafungwa kwa mkunjo wa pili, ujumbe utajikuta umesimama sawasawa ndani yake.

Asiyeamini na achukue karatasi chakavu, aandike kwa kalamu neno moja katika kila robo, kisha aikunje. Jaribio hilo la dakika moja huokoa karatasi nyingi.

Programu za kufanyia kazi hii ni nyingi, na baadhi hazilipiwi. LibreOffice, ambayo yaweza kuwekwa kwenye kompyuta bila malipo, inatosha kabisa kwa kuwa inaruhusu picha na visanduku vya maandishi kuzungushwa. Inkscape hufaa kwa michoro, GIMP kwa kurekebisha picha, na Scribus kwa kupanga kurasa. Aliye na Microsoft Word anaweza kuitumia hiyo hiyo. Zikishawekwa, programu hizi hufanya kazi bila intaneti, na hilo ni muhimu mahali ambapo data hununuliwa kidogo kidogo.

Wino ndio gharama

Anayenunua printa ya bei nafuu hushangaa baadaye akiambiwa bei ya katriji. Ndiyo maana swali la kwanza la mnunuzi lapasa kuwa bei ya wino na idadi ya kurasa ambazo wino huo hutoa, wala si bei ya printa pekee.

Idadi ya kurasa inayoandikwa kwenye pakiti ya katriji hupimwa kwa kurasa za majaribio zenye nafasi kubwa nyeupe. Picha inayojaza ukurasa mzima hunywa wino mara nyingi zaidi. Kadi yenye anga ya buluu iliyokoza au usiku mweusi wenye nyota moja hupendeza kwenye kioo cha kompyuta, lakini ndiyo inayomaliza katriji.

Dawa yake ni weupe. Mchoro wa mistari katikati ya karatasi nyeupe, au picha ndogo yenye pambizo pana, hutumia wino mchache na mara nyingi huonekana nadhifu kuliko ukurasa uliojaa rangi. Aidha, printa nyingi za nyumbani haziwezi kuchapisha hadi ukingoni mwa karatasi, kwa hivyo pambizo la milimita 10 pande zote huondoa hatari ya picha kukatwa.

Kuna aina mbili kuu za printa. Printa ya wino wa maji huchapisha picha za rangi vizuri, lakini ikikaa miezi bila kutumiwa wino hukauka kwenye matundu. Kuyasafisha kwa mtambo wenyewe hutumia wino mwingine. Aliye nayo anashauriwa kuchapisha ukurasa mdogo wa rangi kila baada ya wiki moja au mbili, na kuizima kwa kitufe chake badala ya kuchomoa waya ukutani, ili matundu hayo yafunikwe.

Printa ya leza hutumia unga wa tona unaoyeyushwa kwa joto kali. Unga huo haukauki, na kwa maandishi na mistari myeusi gharama yake kwa kila ukurasa huwa ndogo. Hata hivyo, karatasi ya kung'aa iliyotengenezewa printa ya wino isitiwe kamwe kwenye printa ya leza, kwa sababu yaweza kuyeyuka na kuharibu mashine. Vumbi la kumetameta na gundi navyo viwekwe baada ya kuchapisha, si kabla.

Kwa familia yenye watoto, njia ya bei nafuu zaidi ni ile ya mwaka wa 1843. Mchoro mweusi huchapishwa kwa idadi inayotakikana, na watoto waliofunga shule hupewa penseli za rangi. Kila kadi huwa tofauti na nyingine, na wino wa rangi hautumiki hata tone.

Picha ya nyumbani

Kadi za dukani hutumia mholi na theluji kwa kuwa ndivyo Desemba ilivyo Ulaya. Kipsigis wana mmea wao wenye heshima: sinendet, mtambazi wa kijani kibichi wanaovishwa wageni wa heshima, maarusi na wanariadha wanaporejea na ushindi. Shada la sinendet lililochorwa kuzunguka jina la familia lina maana ambayo kila mtu wa Ndanai ataisoma bila kuelezwa.

Kibuyu cha mursik, ng'ombe zizini, kilima chenye mistari ya majani chai, au kanisa la mtaani ambako familia husali ni mambo mengine yanayofaa. Picha ya familia yenyewe, iliyopigwa kwa simu saa moja au mbili baada ya jua kuchomoza, huwa na mwanga mwororo kuliko ile ya saa sita mchana inayojaza nyuso vivuli.

Ili picha isitokee ikiwa na ukungu, yapasa kuwa na nukta zipatazo 300 kwa inchi. Kwa ukurasa wa A6, hizo ni pikseli 1,240 kwa 1,748, kiasi ambacho simu nyingi za kisasa hukipita. Tatizo huzuka picha inapotumwa kwa WhatsApp kwa njia ya kawaida, kwani programu hiyo huipunguza. Ni afadhali kuituma kama faili, au kuihamisha kwa waya.

Mchoro wa mtoto huchorwa kwa kalamu nyeusi kwenye karatasi nyeupe isiyo na mistari, kisha huingizwa kwenye kompyuta kwa skana. Asiye na skana aweza kuupiga picha kwa simu akiwa karibu na dirisha, bila kutumia taa ya simu, na simu ikiwa sambamba na karatasi.

Kuchukua picha kutoka mtandaoni ni jambo la kuangaliwa. Picha nyingi zina wenyewe, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka wa 2001 inawalinda. Anayetengeneza kadi za kuuza anajitia hatarini zaidi kuliko anayemtumia nyanyake kadi moja, lakini aliyepiga au aliyechora picha yake mwenyewe hana la kuhofia. Vivyo hivyo, picha ya mtoto wa jirani isiwekwe kwenye kadi bila idhini ya wazazi wake.

Maneno machache, lugha ifaayo

Faida kubwa ya kadi ya nyumbani iko ndani yake, pale ambapo kadi ya dukani huwa na sentensi moja ya Kiingereza iliyoandikwa kwa watu wote wa dunia.

Kompyuta humruhusu mtumaji kubadilisha ujumbe kwa kila mpokeaji bila kugusa picha. Kadi ya kogo, yaani nyanya, yaweza kufunguliwa kwa salamu ya "Chamgei" na kumalizwa kwa "Kongoi", asante ya Kikalenjin. Kadi ya rafiki wa Borabu anayezungumza Ekegusii, au wa Trans Mara anayezungumza Kimaasai, yaweza kuandikwa kwa Kiswahili.

Ujumbe mzuri hutaja jambo moja la kweli. "Nakutakia heri njema za Krismasi na fanaka za Mwaka Mpya" ni salamu kamili, lakini ikifuatwa na mstari wa kumshukuru mjomba kwa karo aliyosaidia kulipa, au wa kumweleza dada aliye ng'ambo kwamba ndama wake amekua, mpokeaji hujua kwamba aliandikiwa yeye. Mzee asiyejua kusoma hatakosa mjukuu wa kumsomea kwa sauti, na mstari huo ndio atakaoomba urudiwe.

Maandishi yawe ya aina moja au mbili tu, na makubwa ya kutosha kusomwa na mwenye miwani. Kiasi cha pointi 14 ni kizuri kwa ujumbe wa ndani. Herufi zenye madoido mengi hufaa kwa neno moja la mbele, si kwa barua nzima. Saini iandikwe kwa kalamu, si kwa kompyuta.

Majina yahakikiwe mara mbili. Programu nyingi za kusahihisha tahajia hazijui majina ya Kikalenjin na zaweza kuyageuza zenyewe bila mwandishi kutambua.

Hatua za kuchapisha

Kadi ya majaribio huchapishwa kwanza kwenye karatasi ya kawaida, kwa kiwango cha chini cha ubora, ili kuangalia mpangilio. Ikikunjwa na kuonekana sawa, moja huchapishwa kwenye karatasi halisi ili kuangalia rangi, kwa kuwa rangi za kioo cha kompyuta huwa angavu kuliko za karatasini.

Kabla ya kubonyeza kitufe, aina ya karatasi itajwe kwenye kompyuta. Printa inayoambiwa kwamba imepewa karatasi nyepesi, ilhali imepewa nzito, humwaga wino vibaya au huikwamisha. Aidha, kisanduku cha kupunguza ukurasa ili utoshe kifungwe, la sivyo mkunjo hautaangukia katikati.

Karatasi nzito ziingizwe chache chache. Wino wa upande wa kwanza uachwe ukauke kabla ya kugeuza. Na faili ihifadhiwe kila mara, kwani stima ikipotea katikati ya kazi, kompyuta ya mezani haisubiri.

Karatasi nzito ikikunjwa kwa mkono mtupu hupasuka kwenye mkunjo. Mstari wa kukunjia huchorwa kwanza kwa rula na ncha ya kalamu iliyokwisha wino, pasipo kuikata karatasi, kisha hukunjwa na kusuguliwa kwa mgongo wa kijiko. Hatua hii ndogo ndiyo huitenganisha kadi nadhifu na karatasi iliyokunjwa.

Asiye na printa

Mwenye kompyuta lakini asiye na printa hajafungiwa mlango. Anaweza kuhifadhi kazi yake kama PDF, ambayo hulinda mpangilio na aina ya herufi, na kuipeleka kwenye duka la kuchapisha katika mji ulio karibu akiwa na flashi. Duka lenye printa ya leza litamchapishia kadi za mistari myeusi kwa muda mfupi. Anapaswa kuulizia mapema kama duka hilo hukubali karatasi nzito ya mteja.

Faili hiyo hiyo ikihifadhiwa kama picha, yaweza kutumwa kwa simu kwa jamaa walioko Qatar, Saudia au Marekani, ambako kadi ya karatasi yaweza kuchelewa.

Kwa wanaotumia posta, muda ni jambo la kuzingatiwa. Barua nchini Kenya huenda kwenye sanduku la posta wala si mlangoni, na sehemu za mashambani sanduku hilo mara nyingi ni la shule au kanisa. Shule zikifungwa, barua yaweza kulala hadi Januari. Ni heri kutuma mapema, au kutumia sanduku linalofunguliwa wakati wa likizo. Kadi za ng'ambo zapasa kuondoka Novemba.

Wengi wa Ndanai, hata hivyo, hawatahitaji stempu. Kadi zitapelekwa kwa mkono siku ya ibada au zitakabidhiwa msafiri anayekwenda Kericho.

Ujuzi usioishia Desemba

Aliyejifunza kupanga kadi ya kukunja amejifunza pia kutengeneza kadi ya harusi, kadi ya harambee, ratiba ya mazishi na cheti cha shule ya Jumapili, kazi ambazo huhitajika mwaka mzima. Kijana anayemaliza shule ya upili na kukaa nyumbani akisubiri matokeo aweza kuanza kwa kadi za majirani.

Anayetaka kuuza afanye hesabu kabla ya kutaja bei: karatasi, wino, bahasha, stima, karatasi zilizoharibika na muda wake. Wengi huhesabu karatasi pekee na kugundua Januari kwamba waliuza wino wao kwa hasara. Wapo waliokwenda mbele zaidi ya printa. Kandokando ya Ziwa Victoria, vikundi vimetengeneza karatasi na kadi kutokana na magugu-maji, na maganda ya migomba yamebandikwa kwenye kadi sehemu nyingi za Afrika Mashariki. Kipande cha ganda kavu la mgomba kilichokatwa kwa umbo la ng'ombe na kugandishwa juu ya kadi iliyochapishwa hakigharimu chochote, na mnunuzi hukiona.

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Anayetaka kadi zake ziwe tayari kufikia Desemba na aanze mwishoni mwa Oktoba kwa orodha ya majina, karatasi moja chakavu iliyokunjwa na kuandikwa kwa kalamu, na mtoto mmoja aliyepewa kalamu nyeusi na kuombwa achore anachokiona nje ya mlango.